Netiweki Iko Juu Mwambani

Jumamosi, 3 Mei 2003

Simu ya nyumbani kwa Mwanahawa imekufa kabisa. Hakuna mvumo, hakuna mlio. Ni kama kuweka sikio kwenye tofali. Tangu udongo uporomoke wiki ya Pasaka na kulaza nguzo mbili pale kwenye kona, hajaja mtu hata kutazama.

Simu hiyo aliivuta shemeji yangu marehemu Saidi, enzi alipokuwa akipeleka kabichi na karoti Dar. Wakati ule posta na simu vilikuwa nyumba moja, mali ya serikali. Kupata laini ilikuwa kazi ya miaka, lakini nguzo ikianguka alikuja fundi na ngazi yake. Sasa tuna makampuni kadhaa, kila moja na mnara wake na rangi yake ukutani mwa maduka, na nguzo ya Saidi imelala kwenye matope. (Naeleza tena! Hata daftari nalifundisha.)

Mwanahawa ni dada yangu, mimi ndiye ninayemfuata kwa kuzaliwa. Yumo edani. Saidi alifariki Machi, kwa hiyo hatoki mpaka mwishoni mwa Julai. Mkeka wake ameutandika karibu na simu, kwa sababu kila Jumamosi baada ya adhuhuri binti yake Yusra hupiga. Ndiye mtoto wake pekee. Ameolewa Dar, ana mimba ya kwanza, mwezi wa saba huu.

Leo tena hakuna. Dada aliinua mkono wa simu, akasikiliza, akaurudisha polepole kama anayefunika chungu.

Mimi ninayo ya mkononi, lakini huku bondeni haishiki. Mawimbi ya mnara wa Lushoto husafiri moja kwa moja, kama mwanga. Mlima ukikaa katikati, sisi tuko kivulini. Netiweki iko juu mwambani, mpando wa nusu saa kwa miguu yangu. Niliwaonyesha kwa tochi na sufuria. Mwanaisha, dada wa marehemu, anayekaa na Mwanahawa wakati huu wa eda, akasema: "Mwalimu, tumeelewa. Sasa tupe sufuria tupike."

Jumanne, 6 Mei

Nimeshuka mjini, ofisi ya simu. Kijana mwenye tai, mpole sana. Shikamoo yake ilikuwa ya kweli. Alisema nyaya za upande wetu hazimo kwenye mpango wa mwaka huu. Mwaka ujao je? Mpango wa mwaka ujao unapangwa na wawekezaji. Wawekezaji wako wapi? Akacheka kidogo, akatazama dari. "Kwa nini msinunue ya mkononi, mzee?" Nikamweleza habari ya mlima na kivuli. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo namsifu. Kisha akanipa kalenda. Kalenda—mwezi wa tano!

Nje nilimkuta Kornelio, aliyekuwa fundi wa laini. Ndiye aliyezipanda nguzo zetu zote. Walipopunguza wafanyakazi naye alipunguzwa, sasa anauza vocha chini ya mwavuli. Alifurahi kuniona.

"Nguzo zenu nazijua zote, Mwalimu, hata zile zenye siafu! Lakini ngazi ilibaki kwa wenyewe."

Nikamuuliza la kufanya. Akasema ukishuka Mazinde netiweki inashika hata chooni, hamieni huko. Baadaye, bila mzaha, akasema kuna watu wanaofunga antena ya televisheni juu ya mwanzi mrefu na kuuzungusha waya wake kwenye simu. Wakati mwingine inakubali. "Ikikataa usiniulize, mimi ni mtu wa nguzo."

Alhamisi, 8 Mei

Nilipanda mwambani asubuhi. Simu ikalia kabla sijakaa. Namba nisiyoijua. Yusra! Anatumia simu ya jirani yake, Husna, maana ya kwao ni ya mumewe.

"Shikamoo mjomba. Niitie mama."

Nikamweleza. Nguzo, mlima, eda. Aliniacha nimalize. Kisha: "Mjomba, niitie mama tu."

Nikasema nipe mimi, nitalifikisha kama lilivyo, neno kwa neno. Nikasikia kuku wa huko Dar. Akasema hili si la kusema na mjomba, ni la kusema na mama. Kisha akasema lazima arudi ndani, na ikakatika—hakukata kwa hasira, nadhani.

Nilimfikishia dada salamu. "Sauti yake ilikuwaje?" Nzuri, nikasema. "Nzuri ipi?" Mtu akikupa maneno unaweza kuyabeba. Sauti unaibebaje mpaka bondeni?

Jumapili, 11 Mei

Tumefunga antena! Mwanzi wa kwa jirani, mrefu kupita paa, antena ya televisheni mbovu ya shuleni, waya umepita dirishani na kuizunguka simu yangu mara nyingi, ikawa kama kitoto kilichofungwa mbeleko. Mwanaisha alishika kiuno. "Sasa mnavua nini huko juu, Mwalimu? Samaki?"

Mimi nje na mwanzi, dada ndani na simu. Nikiuelekeza hivi, hakuna. Hivi, hakuna. Hivi—"Kaka! Kimetokea kijiti kimoja cha netiweki!" Nikasimama hivyo hivyo kama mlingoti. Akambipu Husna, kama nilivyopanga naye jana kutoka mwambani, Husna akapiga.

Nilimsikia dada akisema, "Yusra? Mwanangu?" Nilikuwa nimebana pumzi, nikidhani hata kupumua kwangu kutausogeza mwanzi. Upepo ukaja. Upepo tu, kidogo.

Alichosikia ni hiki: "Mama, nataka kuja nyumbani. Nitumie mtu kabla—" Basi.

Kabla ya nini? Tulijaribu mpaka alasiri. Kijiti hakikurudi.

Jumatatu, 12 Mei

Nimefanya jambo la maana leo. Mtoto wa kwanza kwetu huzaliwa nyumbani kwa mama wa mke, hilo linajulikana, na bila shaka Yusra anaona haya kuomba wakati nyumba ina msiba. Lakini mke hasafiri bila idhini ya mumewe. Kwa hiyo nilipanda na kumpigia Khalfani mwenyewe, mkwe wetu, kiungwana. Nikamweleza kwamba binti amempigia mama yake, kwa simu ya jirani, kuwa anataka kuja, na kwamba sisi wazee tungefurahi kama angemruhusu.

Alinisikiliza vizuri. "Nashukuru sana, mjomba, kwa kunifahamisha." Sauti tulivu. Atalifikiria.

Nilishuka mlima nimetulia. Shambani walikuwa wanang'oa viazi, nikasimama nikawaeleza kidogo habari ya mbolea.

Jumatano, 14 Mei

Nimepiga. Khalfani: Yusra amelala.

Nimerudia baadaye: bado amelala, mjomba.

Nilipomwambia dada, aliuliza, "Saa nne asubuhi?" Nikasema mimba huchosha. Akanitazama. Yeye ndiye aliyewahi kubeba, si mimi.

Ijumaa, 16 Mei

Sijui niandikeje.

Baada ya sala nilipanda. Husna alipiga. Ni mwanamke wa Muheza, nilijua kwa namna alivyoniamkia. Hakuzunguka.

"Mjomba, wewe ndiye uliyemwambia mume wake?"

Nikaanza kueleza. Kwamba kwa taratibu zetu—

"Mjomba. Ukuta wetu ni mmoja. Mimi nasikia."

Akaendelea polepole, kama anayezungumza na mgonjwa. Tangu Jumatatu Yusra hatolewi nje. Simu, hata ya kuazima, hana. Lakini Jumatatu hii ni kliniki, na kliniki mume hawezi kumkataza, kadi imeandikwa tarehe. Huwa wanakwenda pamoja, Husna naye ana kitoto cha kupimwa uzito. Wakiwa kwenye foleni, saa tatu asubuhi, atampa simu.

"Awe mama yake. Asiwe wewe, mjomba, nisamehe. Yeye mwenyewe kasema. Kasema mjomba ataeleza."

Nilikaa juu ya mwamba mpaka ukungu ukafunika nyumba zote chini. Nilifundisha fizikia miaka mingi. Najua jinsi sauti inavyogeuzwa umeme na umeme kuwa sauti, na waya mzuri ni ule usioongeza kitu.

Jumamosi, 17 Mei

Nimemwambia dada yote. Na langu pia, kwamba ni mimi niliyempigia Khalfani. Sikuongeza maelezo. Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua. Akauliza tu, "Ukuta mmoja, kasema hivyo?" Ndiyo. "Kasema nasikia?" Ndiyo.

Nikaenda kwa sheikh. Alinijibu bila kusita kwamba mwenye eda anaweza kutoka mchana kwa haja ya kweli, akarudi kwake. Hii ni haja, akasema, na kama mna antena jaribuni pia antena. Ni mtu mwema.

Mwanaisha hakukubali. Alisema kwa Kishambaa kwanza, kwa ukali, kisha kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu: "Kaka yangu hata nyasi hazijaota juu yake. Leo mkewe apande mlimani mchana kweupe, watu wote wako shambani wanaona, aende kuongea na chuma?"

Nikasema sheikh ameruhusu.

"Sheikh hatakuwa kisimani kesho yake watu wakisema."

Naye alikuwa analia. Saidi alikuwa kaka yake wa mwisho, lazima niliandike na hilo. Hana ubaya. Angekuwa na ubaya ningejua la kumwambia.

Tulijaribu mwanzi tena jioni. Mvua, antena imepinda. Hakuna hata kijiti. Niliushikilia mpaka dada akasema ndani, kwa upole, "Kaka, ingia. Unalowa."

Jumapili, 18 Mei

Dada hajasema kama ataenda au la. Sijauliza. Nimetembea mpaka misheni ya Gare kuchajisha simu. Nimenunua vocha mbili. Nimerudi. Hakuna kingine ninachoweza.

Jumatatu, 19 Mei

Naandika nikiwa mwambani. Mikono ina baridi, mwandiko utakuwa mbaya.

Asubuhi nilibisha hodi kwa dada, nikadhani nitapanda huku peke yangu. Akatoka. Amejifunika kanga mbili mpaka kwenye nyusi. Mwanaisha alikaa mlangoni, hakusogea. Dada akamruka kwa kuinua mguu—taratibu, kwa adabu, kama unavyomruka mtu anayesali ukiwa huna njia nyingine—akatoka nje.

Hajatembea tangu Machi. Tulisimama mara nyingi. Mashambani watu waliinua vichwa, kisha wakainama haraka kuliko walivyoinua. Hakuna aliyetuamkia. Mzee Timotheo peke yake, wa upande wa kanisani, ndiye aliyevua kofia.

Simu ililia tulipokuwa bado tunahema. Nikampa. Akanionyesha kwa kidole: kule, geuka.

Nimegeuka. Nimekaa kama hatua kumi chini yake, mgongo kwake. Vijiti vitatu leo, ukungu umeinuka, mnara unaonekana hata kwa macho, kijisindano chekundu na cheupe. Kila kitu kinafanya kazi!

Sisikii maneno. Nasikia "Mm." Nasikia "Mm." Mara moja amesema, "Wapi? Kwenye tumbo?" Sasa anasema "ndiyo, mama", anavyomwita Yusra tangu akiwa mchanga. Ndiyo, mama. Ndiyo. Usirudi kuchukua nguo. Nguo ziache.

Nataka kugeuka. Sijageuka.

Vocha si yetu, ni ya Husna, itaisha. Nilitaka kumwambia afupishe. Sijamwambia.

Imekatika, au wamemaliza. Nimesubiri aniite kuichukua simu. Nimegeuka mwenyewe. Ameifunga kwenye pindo la kanga yake, mafundo mawili, kama wanavyofunga akiba. Simu yangu. Anatazama barabara, si nyumbani.

Chini kule Mwanaisha ameondoka mlangoni. Naona anapita kwenye migomba, anapanda. Amebeba kitu chini ya mkono na umbali huu siwezi kusema ni nini. Anapanda haraka.

Dada ameuliza, "Kaka, gari la Mombo linapita saa ngapi?"

Najua saa. Najua linaposimama, na basi gani la Dar linaloungana nalo pale Mombo, na eda inasemaje kuhusu safari ya kulala nje, na mimi nitawaambia nini watu. Yote nayajua. Ameuliza mara ya pili. Mwanaisha yuko kwenye kona ya mwisho, na dada ananisubiri nijibu. Naweka kalamu chini nimtajie saa tu.