Usikonde Tena, Mwalimu

Kamina, Jumamosi baada ya kufua

Yaya Veronika, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu kabla sijaanza kulalamika, maana nikianza sitakumbuka tena kukusalimu. Kifua chako kimetulia? Paa la jikoni mmelishughulikia, au mnangoja mvua iwatengenezee? Sisi huku tuko wazima. Baba Nadine anakohoa kama kawaida yake anapotaka kuonewa huruma, watoto wanakula na kukua. Mimi nipo, ila nimepungua, na kupungua huko ndiyo habari yenyewe.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia karatasi wakati simu ipo. Ni kwa sababu ya hiyo simu yako, Yaya. Kila nikipiga unaiweka kwenye kipaza sauti. Mama mkwe wako ananijibu kabla yako, majirani wananisalimia mmoja mmoja, hata kuku wa jirani nawasikia. Nilipokueleza habari ya ngiri yangu ya kitovu, kesho yake mjomba akanitumia pole za kitovu. Pole za kitovu! Mambo ya kilo zangu sikutaka yatangazwe Kalemie nzima, kwa hiyo nimempa barua hii Mama Joze, jirani yangu anayekuja huko kwa gari la moshi.

Basi sikiliza. Ile ngiri ilikua mpaka nikawa nashindwa kusimama ubaoni saa mbili mfululizo. Daktari wa hapa aliniambia daktari wa upasuaji atakuja kutoka Lubumbashi baada ya miezi mitatu na nusu, atakaa siku chache, kisha ataondoka na hajui atarudi lini. Akanipandisha kwenye mizani ya hospitali: kilo mia moja na nne. Akavua miwani.

"Mama, hivi hatuwezi kukupasua. Rudi ukiwa chini ya makumi kenda. Ukibakia hivi, ile ngiri itajifunga siku moja, na siku ile hakuna mutu atakusaidia."

Unakumbuka baba alivyokwenda, Yaya. Alikuwa na ngiri hiyohiyo, ikajifunga, siku mbili tu. Sikuhitaji kuelezwa mara ya pili. Tisini, au nimfuate baba.

Daktari akaniagiza nijipime kila wiki kwenye mizani iliyo karibu nami, mradi iwe mizani ile ile. Hilo neno nililishika kama amri ya Musa. Karibu na shule yetu, ng'ambo ya reli, kuna depo ya mahindi ya mtu mmoja anaitwa Papa Krispin. Binti yake namfundisha darasa la sita, kwa hiyo hakuweza kuninyima. Nikawa napanda pale kwenye mizani kubwa ya magunia kila Jumatano, na mpimaji wake, mzee mmoja mwenye uso wa mtu aliyeamshwa sasa hivi, ananisomea kilo kwa sauti kana kwamba mimi ni gunia la tatu la Mama fulani.

Nilianza kwa bidii. Bukari, ugali wetu wa huku, niliyokuwa nakula kama mchimba kisima nikaipunguza hadi ngumi moja. Mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, nikayaona kwa macho tu. Nikawa natembea kwenda shule na kurudi, wenye pikipiki wakiniita, "Mama, panda, utaanguka!" Wiki nzima hiyo. Jumatano nikapanda mizani: mia moja na sita.

Yaya, nilimtazama yule mzee nikidhani anatania. Mtu ameshinda na njaa wiki nzima, na kilo mbili zimeongezeka! Wiki iliyofuata nikaendelea kwa hasira tu. Nikapanda: tisini na tisa. Kilo saba kwa wiki moja! Nilirudi nyumbani nikiimba, nikapika sombe na samaki kujipongeza, nikala kwa adabu lakini nikala. Wiki ya tatu: mia moja na nne. Hapo nilijitukana matusi ambayo mke wa mtu na mwalimu wa kanisa hapaswi kuyajua. Nikasema ni lile sombe. Jani la muhogo limenirudishia kilo tano! Na mimi ndiye ninayefundisha watoto hesabu.

Ikawa hivyo, wiki juu wiki chini, na mimi na moyo wangu tukawa tunapanda na kushuka pamoja na chuma kile. Ikishuka, mimi ni malkia. Ikipanda, sisemi na mtu, sufuria zinapigwa, Baba Nadine anahamia kwa jirani kusikiliza redio. Mara mbili niliacha kabisa. Nilikaa chini nikala bukari yote ya watu wawili, nikasema, kama kufa ni kufa, nife nimeshiba.

Kilichonirudisha si maneno ya mtu, maana watu wa hapa hawakuwa na neno la maana hata moja. Ni kitenge changu cha kijani, kile ulichoninunulia. Zamani nilikifunga, ncha zikawa zinafikiana kwa shida. Siku moja nikakuta kinazunguka na kinabaki upande mzima wa kukunja. Nikasema, haya, mizani inasema nimenenepa, kitenge kinasema nimekonda. Nani kati yao ana sababu ya kunidanganya? Kwa kitenge sikuona sababu yoyote. Nikaendelea.

Lakini mdomo wa watu! Huku kwetu mwanamke akikonda basi ni mambo matatu: ana ugonjwa usiotajwa, mumewe anamnyima, au amerogwa. Neno lenyewe, kukonda, wanalitamka kwa sauti ya msibani. Baba Nadine alikuja kutoka ofisini amekasirika.

"Bantu ba biro banasema minyi nakunyima chakula. Unanipatisha haya!"

"Na hao bantu ba biro," nikamwambia, "njo batalala na ngiri yangu?"

Akakohoa.

Kisha akina mama wa kanisa. Waliingia saba na sufuria nne, wamevaa sare, nyuso zimeandaliwa. Mama Pasta akanishika mkono kama anayepima kama bado nina damu.

"Mwalimu, tunaona unakonda. Iko nini? Sema tu, siye ni bandugu."

"Ni daktari aliniambia nikonde."

Wakatazamana. Yaani katika uongo wote ambao mgonjwa angeweza kusema, huo waliuona wa kitoto kupita wote. Wakaniombea, sauti juu, wakamfukuza shetani wa kukonda kwa jina lake. Kisha wakafunua sufuria: bukari, maharage ya mafuta, na samaki wakubwa wa ziwa Kisale walioletwa na mtu wa Sanga. Chakula cha mgonjwa hakikataliwi, unajua. Nililishwa mbele ya macho kumi na manne yaliyokuwa yanahesabu matonge. Walipoondoka walikuwa wameshiba ushindi, na mimi nimeshiba kila kitu kingine.

Sasa fika kwenye wiki ya kumi na mbili. Nilipanda ile mizani ya Papa Krispin asubuhi, mzee akasoma: "Makumi nane na kenda." Themanini na tisa! Nilimfanya arudie mara tatu. Nikavuka reli, nikapanda pikipiki kwa mara ya kwanza tangu nianze, moja kwa moja hospitali, natabasamu kama bibi harusi. Muuguzi akanipandisha kwenye mizani yao.

"Tisini na mbili, mama."

"Hapana. Themanini na tisa. Nimetoka kupimwa sasa hivi."

"Mama, minyi naona na macho yangu. Weye unajidanganya."

Mbele ya foleni nzima, Yaya. Nilirudi kwa miguu, nimefura, si kwa chakula safari hii. Saa nane mchana, darasa nimemwachia mwenzangu, nikaingia tena pale depo kugombana na ile mizani. Tangu asubuhi sikuwa nimeweka kitu mdomoni, hata maji. Nikapanda. Mzee akasoma tisini na tano.

Nikakaa kwenye gunia. Asubuhi themanini na tisa, mchana tisini na tano, na hospitali katikati kabisa, tatu huku na tatu huku. Mwanafunzi wangu wa darasa la sita asingehitaji kidole kuona jambo hilo. Nikatoa daftari langu la kilo. Shule yetu, unajua, ina zamu mbili: wiki moja nafundisha asubuhi, wiki nyingine mchana. Wiki za kufundisha asubuhi najipima mchana, na hizo ndizo wiki zote nilizonenepa. Wiki za kufundisha mchana najipima asubuhi, na hizo ndizo wiki zote nilizokonda. Miezi mitatu! Mizani ilikuwa ile ile, kama daktari alivyoagiza. Saa tu ndiyo haikuwa ile ile.

Na asubuhi pale depo kuna nini? Asubuhi Papa Krispin ananunua mahindi kwa walimaji wanaotoka vijijini na baiskeli. Mchana anawauzia watu wa mjini. Nyuma ya mkono wa mizani kuna skrubu ndogo, na yule mzee mwenye usingizi anaizungusha saa sita kamili, akila karanga; nimemwona mara nyingi nikidhani anaifuta vumbi. Mlimaji anaibiwa kilo tatu akileta, mnunuzi anaibiwa tatu akichukua.

Nitakuambia lililoniuma, na nalisema kwako tu. Zile asubuhi nilizorudi nikiimba, kilo nilizodhani nimezipoteza zilikuwa mahindi ya mama wa watu. Nilicheza ngoma juu ya jasho la mwingine. Na mimi nilisimama pale wiki hadi wiki, walimaji wamenizunguka, nikitazama kilo zangu tu kama mtu mwenye kioo.

Kesho yake asubuhi nilikuwa huru, zamu yangu ni ya mchana. Nikapita hospitali, nikapimwa, tisini na mbili, nikamwomba yule muuguzi aandike kwenye karatasi na kugonga muhuri. Akaandika huku akidhani nimechanganyikiwa. Nikaenda depo. Walimaji walikuwa kama ishirini, baiskeli zimelala, magunia yamepangwa. Nikapanda.

"Soma," nikamwambia mzee.

"Makumi nane na kenda."

Nikainua karatasi na kuwasomea wote. Kisha nikawaambia jana mchana hiyohiyo ilinisomaje. Papa Krispin akatoka ndani anafunga vifungo.

"Mwalimu, mizani ya hospitali njo mubovu!"

"Sawa. Na yako ya mchana nayo ni mbovu? Na kwa nini ubovu wake unasubiri saa sita?"

Akarudia kufunga vifungo alivyokwisha kuvifunga. Mtu mzima, mwenye tumbo kunizidi, hana hata uongo wa akiba! Mama mmoja mlimaji, Mama Ngoie, mikono kama mizizi, akasogea akanishika bega.

"Mugongo wangu ulikuwa unajua," akasema. "Kila siku ulikuwa unaniambia, ile gunia ni nzito kupita vile banasoma. Wafwako, Mwalimu." Ndivyo wanavyoshukuru huku kwa Kiluba.

Walikataa kushusha hata gunia moja mpaka skrubu irudishwe na mizani inisome tisini na mbili. Na tangu siku hiyo hawauzi kabla sijapanda. Mimi, Yaya, niliyeficha kilo zangu hata kwako, ndiye jiwe la mizani la Kamina. Jumatatu naenda hospitali kupimwa, nikitoka huko naandika namba yangu kwa chaki kwenye ukuta wa depo, tarakimu kubwa za ubaoni, upande wa reli. Abiria wa gari la moshi wanazisoma. Na kila asubuhi mzee lazima anisome vilevile, kila mchana vilevile.

Wiki ya kwanza nilipofuta tisini na mbili nikaandika tisini na moja, Mama Ngoie alikuja mbio.

"Mwalimu, usikonde tena! Siye tunakuomba. Ukikonda, tutapima na nani?"

Miezi mitatu watu wote walinikataza kukonda kwa sababu za kijinga, na huyu ndiye wa kwanza mwenye sababu ya maana. Nilicheka hadi ngiri ikauma. Nikamwambia, mama, namba ibadilike, mradi iwe ya kweli na iandikwe. Akafikiri. Akasema basi, kama ni ya kweli, konda.

Jumatatu hii iliyopita hospitali ilinisoma themanini na tisa. Za kweli hasa, si za Papa Krispin. Jumanne ijayo wananipasua. Naogopa, Yaya, sitakuficha. Namwona baba kila nikifumba macho. Nikiamka salama, Mama Ngoie ameahidi kuniletea mahindi mabichi. Nisipoamka, wewe ndiye utakayewalea wanangu, na kile kitenge cha kijani ni chako.

Nisalimie shemeji yangu mvumilivu. Shangazi yetu anayeuza ndakala, dagaa wake wale, sokoni. Mjomba wa pole za kitovu, mwambie kitovu kinamshukuru. Na mama mkwe wako anayejibu simu zisizo zake.

Na barua hii, Yaya, nimebadilisha mawazo. Waite wote barazani, hata jirani wa kuku. Wasomee kwa sauti, na kilo zote uzitaje.

Mdogo wako,
Betina, themanini na tisa