Kikombe cha Bakiri

Mama Najma,

Nimekwenda Limpopo kuwinda swala, peke yangu. Tafadhali punguza vitu kwenye friza ili nyama ipate nafasi, na uzime hita ya gesi kabla ya kutoka. Najua kwa mawingu na baridi ya leo mtatamani kuiacha ikiwaka.

Alfajiri nilimwamsha Najma anisindikize. Akanijibu akiwa ndani ya blanketi, "Eish, Baba, si utafute rafiki?" Alikuwa akinitania, nami nikacheka. Lakini tangu ndugu yangu Bakiri arejee kwetu Tanga, sina wa kunishikia mnyama ninapochinja. Mwaka jana swala alikufa kabla sijamfikia na kisu, akawa kibudu, nikamwacha kulekule porini. Nyinyi niliwaambia sikuona hata mmoja. Nisamehe kwa hilo.

Kikombe kilichokandamiza karatasi hii ni cha Bakiri. Nilikuwa nimekwisha kukipakia pamoja na chupa ya chai, kwa mazoea.

~~Kuleni, msinisubiri.~~

Nisubirini tule pamoja, hata nikirudi mikono mitupu.

Baba Najma