Ramani ya Watoto, na Mumo Aliye Mbumbuni

Nimeanza kuziweka hapa kurasa za shajara niliyoiandika nilipokuwa nafanya kazi Migwani. Sijabadilisha kitu, ila nimejaza maneno machache yaliyoliwa na mchwa.

Migwani, Alhamisi jioni, Novemba 1990

Mvua imenyesha tangu mchana, na bati la chumba changu linapiga kelele hata siwezi kusikia mawazo yangu. Afadhali. Nimewaza vya kutosha wiki hii. Leo nina furaha na nina hofu, na sijui niandike ipi kwanza.

Wacha nianze na hofu, ndiyo niliyoizoea.

Jumapili baada ya ibada, binamu yangu aliyekuwa ametoka kwetu Mbumbuni aliniita kando. Alikuwa ametumwa na mama. Macho ya mama yamezidi kufifia, na juzi Mumo alimponyoka. Mumo ni mwanangu, ana miaka mitatu, na amelelewa na mama tangu nilipopata kazi hii ya kanseli, baraza letu la wilaya. Walimtafuta mpaka wakamkuta katikati ya mto uliokauka, ameketi mchangani anachimba na kijiti, na mvua ilikuwa imeanza kunyesha kule milimani. Maji ya mto yalishuka kwa kishindo usiku huohuo.

"Mama amesema uje umchukue kabla ya mwezi kuisha," binamu akaniambia. "Amesema hakufukuzi. Ni kuogopa anaogopa."

Nilirudi nyumbani nikapika muthokoi wa mahindi na maharagwe na sikuuonja.

Nimchukue nimpeleke wapi? Baba yake yuko Kibwezi kwenye mradi wa kunyunyizia mashamba maji, analala kambini na wanaume wenzake. Mimi hutoka asubuhi kwa baiskeli na kurudi jua likizama. Msichana wa kazi niliyekuwa naye alipata mchumba, akaondoka bila kuaga, na sufuria yangu nzuri ikaenda naye kama mahari. Nikiacha kazi, mshahara wa baba Mumo hautatufikisha mahali. Nisipoacha, nani atamshika mtoto?

Kinachonichekesha, na ni kicheko cha mtu aliyekwama, ni hii kazi yenyewe. Nimepewa kuchora ramani ya malezi ya watoto wa tarafa yetu. Nachukua hesabu za sensa, naangalia kila sublokesheni, yaani kata ndogo, ina watoto wangapi ambao hawajafika umri wa shule, kisha nazunguka na baiskeli nikiuliza nasari ziko wapi. Nikirudi naweka vyote kwenye karatasi ya manila. Jumatatu kamati ya kanseli itakaa, iitazame ramani yangu, iamue ni sehemu gani ipelekewe mwalimu wa nasari na unga wa uji.

Mtu wa kuwatafutia watoto wa tarafa nzima mahali pa kukaa ni mimi, na wangu hana. Mganga hajigangi.

Ramani yenyewe imenitoa jasho. Kwanza nilibandika ndengu kwa gundi ya unga, kila punje isimame badala ya watoto kumi, ili wazee wa kamati wasipate taabu na tarakimu. Ilipendeza sana. Nikaianika nje ikauke, nikaingia ndani kuchemsha chai. Niliporudi, kuku wa mama mwenye nyumba alikuwa amekula sublokesheni mbili na anaelekea ya tatu. Nikamwambia mama mwenye nyumba, akacheka mpaka akakaa chini, akasema hata njaa kuu haikuwahi kumaliza watu upesi hivyo. Nikaanza upya kwa kalamu nyekundu.

Hata kwa kalamu nyekundu, jambo moja lilikuwa wazi. Kuna sublokesheni ng'ambo ya mto wa hapa Migwani ambayo madoa ya watoto yamejaa kama surua, na nasari hakuna hata moja. Nimekwenda huko mara mbili. Nilimuuliza naibu wa chifu, akasema hakuna. Niliuliza kanisani, wakasema hakuna. Niliwauliza akina mama kisimani, wakatazamana, wakasema, "Nasari? Hapa hatuna." Nikaandika hakuna.

Jumanne nilipita huko tena, si kwa ajili ya ramani. Nilikuwa narudi kutoka mbele zaidi, gurudumu limepata panchari, nasukuma baiskeli kwenye tope. Nikawakuta akina mama wa mwethya wakichimba mitaro kwenye shamba la mmoja wao. Mwethya ni kile kikundi chao cha kusaidiana, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Walikuwa wengi, majembe yanapanda na kushuka pamoja, wanaimba. Mmoja wao, Mama Mwende, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alinitambua.

"Mama wa nasari," akasema, "leo umekuja kuuliza nini?"

Sijui kilichonipata. Labda uchovu. Labda ni kwamba tangu Jumapili sikuwa nimemwambia mtu. Niliegemeza baiskeli kwenye ukingo wa mtaro nikawaambia yote: mama na macho yake, Mumo na mto, baba yake yuko Kibwezi, msichana na sufuria. Sauti ilinikatika mbele yao na sikuona haya. Nikasema, "Mimi sijui nimpeleke wapi mtoto wangu."

Majembe yalisimama.

"Si umlete hapa," Mama Mwende akasema, kana kwamba nimeuliza njia ya sokoni.

"Hapa wapi?"

"Pale wako wetu. Leo wako kwa Mama Kyalo, kesho kwangu. Ni zamu."

Mimi, mwenye ramani, nilikuwa sijajiuliza jambo rahisi kuliko yote: hawa wanawake wote wako shambani tangu asubuhi, na hakuna hata mmoja mwenye mtoto mgongoni. Wako wapi hao watoto?

Nikawauliza kwa nini waliniambia hakuna. Mama Mwende alinitazama kwa huruma. "Wewe uliuliza nasari. Nasari ni ile iko na mwalimu na ubao na fizi ya kulipa. Hatuna. Ungeuliza watoto wako wapi, tungekuonyesha."

Walinipeleka. Ilikuwa boma la kawaida, limefagiwa, mbuzi wamefungwa mbali, na watoto wametapakaa uani. Mama Kyalo alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua mbaazi, mtoto mchanga wa mtu mwingine amelala mapajani mwake, na macho yake hayakutulia mahali pamoja. Wale wakubwa kidogo walikuwa wanajenga nyumba za tope. Hakuna aliyekuwa analia. Nilisimama pale nikalia mimi.

Kwenye karatasi yangu, hapo palikuwa peupe.

Nikatoa pochi, nikauliza ni kiasi gani kwa mwezi. Mama Mwende alirudisha pochi yangu mkobani kwa mkono wake mwenyewe, ukiwa bado na udongo. Pesa haimshiki mtoto, akasema. Nikitaka Mumo akae nao, niingie mwethya kama wao. Jumamosi, siku nisiyo ofisini, jembe. Na zamu ikifika, nikae na watoto wa wote tangu asubuhi hadi jioni, siku ya kazi kama siku nyingine.

Methali ya mkono mmoja haulei mwana nimeihubiri kwenye mabaraza ya chifu mpaka nikachoka nayo. Sikuwahi kujiuliza huo mkono mwingine unatoka wapi, na kama wangu umo.

Jambo la pili lilininyima usingizi usiku wa kuamkia jana. Nikiwatia akina mama hawa kwenye ramani, kamati itasema hao wana malezi tayari, mwalimu na unga viende kwingine. Nisipowatia, nitakuwa nimewafuta watu niliowaona kwa macho yangu. Jana jioni nilirudi kwa Mama Mwende nikamwambia ukweli huo. Aliendelea kumenya viazi kwa muda.

"Andika tuko," akasema. "Andika tuko na mikono, na uji hatuna. Mtoto wa zamu hushinda na njaa kama mwenye zamu hana kitu nyumbani. Hiyo pia uandike."

Leo asubuhi nimechora rangi mpya, kijani, mstari unaozunguka kutoka boma hadi boma, na pembeni nikaandika maneno yake kama alivyoyasema. Kisha nikaibeba ramani hadi kwa mkubwa wangu, Bwana Nzioka, nikiwa na maombi mawili: la kwanza, awaombee akina mama hawa unga mbele ya kamati.

Bwana Nzioka si mtu mbaya, ila hucheka mara moja kwa mwaka na mwaka huu alishacheka. Aliufuata mstari wa kijani kwa kidole, akarudia tena. Akauliza kama kuna vikundi vingine vya namna hiyo kwingineko. Nikasema sijui, kwa sababu kote nilikokwenda nimeuliza nasari.

"Basi hatujui kitu," akasema. Akasema ataiambia kamati hivyo hivyo, na kwamba penye mikono tayari ndipo unga hautapotea. Sijui kama watamsikiliza. Alisema atasema, na yeye akiahidi kusema, husema.

Ombi la pili nililitoa nikitazama sakafu: siku moja katika kila mzunguko wa zamu, nisije ofisini. Nilimweleza kwa nini. Sikumficha kuhusu Mumo.

"Utakuwa unafanya nini huko?"

"Kuchunga watoto, Bwana."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nenda. Lakini uniletee ripoti."

Nilitoka nikapanda baiskeli nikaenda moja kwa moja ng'ambo ya mto, mvua ikinipiga, kuwaambia akina mama. Hawakushangilia. Mama Mwende alisema tu kwamba zamu yangu ni Alhamisi ijayo, na nisisahau jembe Jumamosi inayofuata, kwa kuwa hii nina ruhusa ya safari. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nimeinama kwa furaha.

Kwa hiyo kesho kutwa nitachukua basi la alfajiri kwenda kumleta.

Sasa nije kwenye hofu iliyobaki, ile ambayo ramani haina kalamu yake. Mwezi uliopita nilipokwenda kumwona, Mumo alijificha nyuma ya rinda la mama yangu. Mama akamsukuma mbele, akamwambia anisalimie. Akanyoosha mkono vizuri, kwa adabu, kama alivyofundishwa kuwasalimia wageni, akasema, "Auntie."

Nilicheka wakati huo. Nililia njia yote ya kurudi.

Simlaumu. Mama yake ni yule aliyemlisha, na huyo hakuwa mimi. Huenda Jumamosi akakataa kunishika mkono. Huenda akalia usiku kucha akimtaka nyanya yake, na nitamwacha alie, maana ana haki. Lakini Jumatatu ataamka chumbani kwangu, na Jumanne pia, na Alhamisi nitakaa naye uani pamoja na wenziwe wote tangu asubuhi hadi jioni. Kila mtoto pale ana jina lake la kumwita mama yake. Yeye bado hana la kuniita mimi.

Akiniita Auntie mbele yao wote, nitaitika.