Mama Mkwe Juu ya Trela

Jumatatu, 6 Agosti 1956
Masasi. Nimeunga trela saa kumi na mbili asubuhi. Pini, kizuizi cha pini, mnyororo. Nikaitikisa. Nikasogeza lori kidogo, nikashuka, nikachungulia tena. Makuli wakacheka. Wacheke. Mlima wa Newala hauchekeshi.

Jumanne, 7 Agosti
Mke wangu ametangaza kwamba kesho nimbebe mama yake. Shemeji kajifungua Newala. Sikuulizwa. Namwogopa mama mkwe kuliko polisi. Miaka tisa ya ndoa, sijamtazama usoni. Ndivyo heshima ilivyo kwetu.
Kaptula ya kazi imepasuka nyuma. Nyingine imeloa.

Jumatano, 8 Agosti
Aibu.
Mama mkwe alikataa katakata kukaa mbele na mkwewe. Lori limejaa mabomba, basi akapanda kwenye trela, juu ya mifuko ya saruji, kapakata jogoo. Akakaa akielekea palepale kwenye pini. Kukagua lazima niiname. Nikiinama, mpasuko wa kaptula unamtazama mama mkwe. Nikashindwa. Pini nilikwisha kuitumbukiza. Kizuizi na mnyororo nikaviacha. Nikaondoka.
Mlimani lori likawa jepesi. Nikafurahi, mpumbavu mimi. Kisha nikatazama kioo. Trela hakuna.
Nikafunga breki, nikaweka mawe kwenye magurudumu, nikateremka mbio huku nalia. Kona ya pili nikaiona. Imerudi kinyumenyume, imeacha barabara, imezama katika shamba la mihogo. Mama mkwe bado kakaa juu yake, rangi ya majivu kwa saruji kuanzia kilemba hadi miguu. Jogoo anawika. Mwenye shamba kasimama na jembe, mdomo wazi.
"Shikamoo, mama."
"Marahaba. Ndiyo Newala hapa?"
Nikapiga magoti. Nikamweleza yote, mpaka kaptula.
"Baba Daudi, si ungeniambia nifumbe macho?"
Mwenye shamba akacheka mpaka akakaa chini.
Watu wakaja, tukaivuta trela mpaka barabarani. Pini niliiokota mtaroni. Nilipokuwa naunga upya, mama mkwe aligeuka akatazama mihogo mpaka nilipomaliza.

Alhamisi, 9 Agosti
Newala. Tajiri, mwenye lori, kapata habari kabla sijafika. Kanikaripia mbele ya watu wote. Nikirudia, kazi sina. Ana haki. Jumamosi nakwenda kumlimia yule mwenye shamba, kufidia mihogo yake.
Mtoto wa shemeji ni wa kike. Mzima.

Jumapili, 12 Agosti
Tumerudi Masasi. Mama mkwe amekaa mbele, kwa hiari yake. Njia nzima yeye katazama dirishani, mimi barabarani. Chini ya mlima akafungua kitambaa, akaweka korosho za kuchoma katikati yetu. Akachukua moja. Baadaye nami nikachukua moja.