Matawi ya Mhadasi kwa Baba

Tel Rifaat, Idi

Kaka Mundhir,

Biskuti za tende ziliungua, nasi tumezila zote.

Asubuhi tumempelekea baba matawi yanukiayo ya mhadasi kaburini, kama desturi ya Idi. Kutoka Azazi ni mwendo mfupi, ila tangu tukimbilie huko, upande wetu ulishikwa na Waturuki, upande wa kaburi na Warusi na Wairani, na mama hakupewa kibali cha kupita.

Leo askari wa kizuizi cha barabarani alitania, "Hajati, kibali kiko wapi?"

"Kibali cha nani, mwanangu? Waliokuwa wakikitoa wamefungasha virago!"

Askari akacheka, akampisha.

Waturuki bado wapo, wala sina hakika kwamba nchi ni yetu kamili. Lakini mama alipokwisha kumpambia baba kaburi, alipiga kigelegele palepale makaburini, na wajane wote waliokuwapo wakamwitikia.

Dadako,
Rabab