Kilemba Sikivui

Auburn, huku ughaibuni, Jumamosi, Agosti 2021. Jua lipo lakini la uongo, baridi inapenya hadi kwenye soksi. Lokdauni bado. Nimeamka na hasira, na mimi hasira hunipendeza.

Leo ilikuwa kicheni pati ya Neema, tukimfunda kwa video, kila mwanamke na sebule yake. Walioolewa tupige vilemba, kama nyumbani, na mimi Neema aliniomba nimwongoze kupiga cha kwake. Angemwomba nani mwingine? Kilemba changu kijani, nakshi za dhahabu, shanga zinaning'inia hadi sikioni. Nimefika Muscat, nimefika Nairobi, na darasa la saba langu hilihili, sijaona cha kukifikia.

Jana akanipigia Mama Happy, mwenyekiti wa kamati. Sauti ya asali. Eti nihudhurie tu, ila kilemba nikiache, na bi harusi ataongozwa na mwenye mume ndani. Maana Hamisi wangu alikwenda Tanga kumzika baba yake, mipaka ikafungwa, mpaka leo yuko huko. Mume wa kwenye simu, alisema, hahesabiki.

Nilikata simu nikalia jikoni. Kidogo tu, na kitunguu kilikuwepo.

Leo nikapiga kilemba kirefu mpaka nikainama kupita mlangoni. Nikaingia kwenye mkutano. Nikatolewa. Nikaingia tena. Nikatolewa tena. Mara ya tatu nikawahi kumsikia Mama Happy akifoka kwamba kuna mwanamume anatuchungulia, anaitwa Hamisi, hana adabu, atoke.

Kompyuta ni ya mume wangu. Jina lililoandikwa humo ni lake. Na kamera nilikuwa sijaiwasha.

Nikaiwasha. Kilemba kikajaa skrini nzima, nikabaki macho na meno.

"Mama Happy, shoga yangu," nikasema, "jana mume wangu hahesabiki. Leo umemfukuza mara mbili. Unamfukuzaje mtu ambaye hayupo?"

Halafu mama yake Neema, kule Quakers Hill, akaanza kucheka mpaka akajishika mbavu. Mama Happy akaaga kwamba anakwenda kunywa maji, akazima kamera. Neema, kitambaa mkononi, akasema taratibu, "Mama Salma, mimi nakusubiri wewe."

Changu sikukigusa. Nikatwaa khanga, nikaipiga kwenye mto wa kochi mkunjo kwa mkunjo, naye akinifuatisha. Kikamkaa upande kidogo. Kapendeza hivyohivyo.

Sasa hivi bado ninacho kichwani. Hamisi nimemsimulia, akacheka, halafu akauliza kama nakivaa hata nikiwa peke yangu. Nimemwambia Jumatatu napanda nacho treni kwenda kusafisha ofisi za mjini, barakoa chini, kilemba juu.

Mipaka itafunguliwa lini, sijui. Siku hiyo nitasimama nacho uwanja wa ndege, akifungue aliyenioa.

Kesho nikiamka, nakipiga tena.