Vyoo Viwili kwa Boma Moja

Jumatatu, 5 Julai 1971

Fomu imefika! Bwana Obwocha, mkubwa wangu, ameileta mwenyewe mpaka hapa Sironga, shati limelowa jasho kwa kupanda kilima na baiskeli. Kila mwaka wanachagua mfanyakazi mmoja wa afya ambaye hajamaliza miaka mitatu kazini. Jina linasomwa barazani mbele ya watu wote, kisha anaenda kozi Nairobi, anarudi mkaguzi kamili. Msichana hajawahi. Mwaka huu tumebaki wawili: mimi na Joash Machogu wa upande wa Ikonge.

Nataka liwe jina langu. Naandika hapa kwa sababu siwezi kusema popote. (Kiswahili, ili Mama asisome. Baba anakisoma polepole, atachoka kabla hajageuza ukurasa.)

Jumatano, 7 Julai

Kwenye fomu swali lenye maana ni moja tu: maboma mangapi yamepata choo? Basi. Nafasi ya kujibu ni ndogo kama ukucha.

Mimi, 41. Joash, nasikia, 97. Tisini na saba! Huyo anachimba au anapanda mahindi?

Lakini najua siri yake, maana hata mimi mwaka jana nilikwenda mbio hivyo hivyo. Choo kimoja kila boma, nikajiona mtu. Mpaka siku Kwamboka, mke wa mwana wa mzee Manasseh, aliponivuta kando kisimani akaniuliza kama nina akili timamu. Yeye aingie pale alipokaa baba mkwe wake? Wakutane mlangoni, huyu anatoka, huyu anaingia? Na chinsoni, ile haya ya mkwe na mkwe, je? Mimi Mgusii wa hapa hapa! Najua mkwe hata mkono hapewi, heshima yenyewe ndiyo hiyo. Na bado nilihimiza shimo moja nikasema kazi imekwisha. Miezi saba choo kile kilikuwa cha mzee peke yake. Wanawake na watoto bado migombani, kuhara kuko pale pale. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tangu hapo, viwili. Cha wazee huku, cha wake wa vijana ng'ambo ya migomba, milango isitazamane. Jasho mara mbili, hesabu nusu.

Ijumaa, 9 Julai

Nimemwuliza Obwocha kama naweza kuandika vyoo 82. Amekuna kichwa. Ofisi inauliza maboma, Kemuma, haiulizi mashimo. Na maelezo, nimeuliza? Hakuna pa kuyaweka. Halafu, kwa upole kabisa, akaniambia mambo ya mkwe na choo nisiyapeleke kwa wakubwa, watacheka tu.

Alipotoka nje nilikaa na kalamu juu ya karatasi. 82 kwenye nafasi ya maboma — nani angekuja kuhesabu?

Nimeandika 41.

Jumamosi, 10 Julai

Sabato, siandiki kazi. Ila hili. Baada ya kanisa, mbele ya mashemasi, Baba ameniuliza tena: na wewe, ni nani amesema unafanya kazi nzuri? Huuliza kwa mzaha. Wamecheka, nami nimecheka. Nimekwenda jikoni nikalia kidogo, nikasingizia moshi.

Alhamisi, 22 Julai

Leo mvua, njia haipitiki. Nimeota mchana macho wazi: kipaza sauti, na mtu anasoma Kemuma binti Nyangau. Baba yuko nyuma ya watu, kofia mkononi. Siombi mshahara. Nataka tu lisomwe mara moja, watu wageuke kunitazama.

Ijumaa, 30 Julai

Joash Machogu.

Wamelisoma mara mbili, makofi yalilimeza la kwanza. Nimepiga makofi na mimi, ningefanyaje? Njiani Baba alinibebea mkoba mpaka nyumbani. Afadhali angenitania.

Jumapili, 8 Agosti

Siamini. Joash yuko hapa! Amefika saa tatu asubuhi, matope mpaka magotini. Nilidhani amekuja kujionyesha. Kumbe hana raha hata kidogo.

Wageni wa Nairobi watakuja mwisho wa mwezi kuona vyoo vyake. Basi amevizungukia. Kimoja kuku analalia mayai. Kingine kimejaa magunzi ya mahindi. Akiwauliza wanawake, wanatazama chini: tunavitumia, Bwana Afya, tunavitumia. Halafu juzi, sokoni Daraja Mbili, mama mmoja muuza ndizi alimwambia huku Sironga watoto wamepona matumbo, na kama anataka kujua kwa nini, akaniulize mimi.

Amekaa kwenye kigoda akazungusha kofia. Kemuma, dada yangu, uliwaulizaje mpaka wakakuambia?

Ee Mungu. Mwaka mzima nimengoja mtu mmoja wa ofisi aniulize hivyo. Mmoja tu! Na aliyekuja ni yeye. Nimeona furaha ikinipanda, nikaichukia.

Nimemweleza yote. Amesema yeye mwanamume hataambiwa hayo hata akae Ikonge miaka kumi. Anaomba twende leo, nikae na wake wa kule. Nimemwuliza: wageni wakija, utawaambia ni wazo la nani? Ametazama baiskeli yake, si mimi. Nitajaribu, amesema. Nitajaribu!

Nimemwambia angoje. Nimejifungia chumbani, naandika. Nje Mama amempa chai, anamwita mwanangu, anamwuliza ukoo. Nikienda, atapigiwa makofi mara ya pili, na kwa akili yangu. Nisipoenda, aibu itampata yeye siku moja tu. Wale wanawake ndio watabaki na magunzi yao, na watoto wao wataendelea kuhara mpaka mvua nyingine. Baba amegonga mlango: mgeni anaona jua linapanda.

Nimeandika hapa pembeni maswali ya kuwauliza wale wanawake: mzee hupitia wapi asubuhi, wewe unachota maji njia gani, nani anakushikia mtoto. Yamefika tisa. Nimevaa kiatu kimoja.